Mtoro Asiyekamatika wa Hoyo de Tinajas

Kazi ya Reinerio Pedroso ilikuwa kukamatwa. Kila siku isipokuwa Jumatatu, saa saba na nusu mchana, wageni wakiwa wamekwisha kupewa nyama na wali, alitoka mbio kwenye mdomo wa pango amevaa nguo za gunia zilizochanwa makusudi, mnyororo wa bati ukimlia mguuni, akakatiza katikati ya meza. Kabla hajafika kwenye daraja la mbao, Ubaldo alikuwa amekwisha kumrukia. Ubaldo alicheza msaka watoro, mwindaji wa watumwa waliotoroka mashamba. Alivaa kofia pana na buti ndefu, na mkononi alikuwa na kiboko cha kamba ya katani. Alimwangusha Reinerio chini, akamkanyaga mgongoni, akamchapa viboko vitatu visivyouma. Ngoma zikapanda, wageni wakapiga makofi, kahawa ikaletwa.

Reinerio alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mrefu, mkavu kama mti wa uzio, na kazi hiyo hakuitafuta. Kimbunga cha mwaka uliotangulia kililalia banda lake la kukaushia tumbaku usiku kucha, na kulipokucha hapakuwa na banda wala tumbaku, ila maksai wake wawili tu wamesimama kwenye matope wakimtazama kama wanaomdai maelezo. Mkono mtupu haulambwi. Ubaldo, rafiki yake tangu darasa la kwanza, ndiye aliyemletea habari kwamba Frías, meneja mpya wa mkahawa wa pangoni, anatafuta mtu mweusi, mrefu, anayejua kukimbia. Reinerio alicheka, akasema kukimbia anajua.

Mwanzoni waliuona utani mtupu. Kabla ya zamu walikaa nyuma ya jiko wakinywa kahawa na kubishana juu ya mpira wa besiboli, na Ubaldo, ambaye babu zake walitoka Visiwa vya Kanari na tumbo lake lilitoka kwenye sufuria, hakukosa kulalamika.

"Leo usikimbie sana, bwana. Nimeshiba."

"Nishike mapema basi."

"Nikushike mapema, Frías aseme namwibia wageni mbio zao?"

Mtu mmoja tu hakucheka: Obdulia, dada yake Reinerio, mpishi mkuu wa mkahawa ule kwa miaka kumi na sita. Nyama yake ya nguruwe, iliyolazwa kwenye ndimu na vitunguu saumu tangu jana yake, ndiyo iliyoleta mabasi pale zamani kabla Frías hajajua njia ya kufika. Ngoma za saa saba na nusu zilipoanza, Obdulia aliugeuzia ukumbi mgongo, akakwangua masufuria kwa nguvu, hata yale yaliyokwisha kung'aa.

Alikuwa na sababu. Pango lile ambalo kwenye mabango liliandikwa Pango la Watoro, kwao liliitwa Nyumba ya Dominga. Dominga alikuwa bibi wa bibi yao. Alitoroka shamba la miwa akiwa na mimba ya miezi saba, wasakaji na mbwa wao wakamfuata siku mbili mpaka mdomoni mwa pango. Akaingia. Wasakaji wakawasha moto pale nje wakaketi kumngoja, maana njaa, walisema, itamtoa yenyewe. Wakangoja siku tatu. Siku ya nne Dominga alikuwa upande wa pili wa mlima, kwenye bonde dogo lililozungukwa na vilima vya mawe pande zote kama kisima, ambako watoro wengine walikuwa wamekwisha kupanda mihogo. Bonde hilo wenyeji waliliita Hoyo, shimo, na ndilo lililokuja kuupa mji jina. Huko akazaa. Kila Pedroso wa mji ule ametokana na tumbo hilo.

Frías hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutazama kila kitu na kuona kilichopungua. Aliona wageni wanapenda kupigwa picha na kiboko cha Ubaldo. Basi asubuhi moja, kwenye ubao wa vyakula, chini ya maziwa ya karameli na maandazi ya mihogo, akaongeza mstari: mgeni anaweza kuwa msaka watoro.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mnene, uso umemwiva kwa jua, mpole wa tabia. Alimwuliza Reinerio kwa ishara kama mgongo unamwuma, akamchapa mara moja, taratibu kabisa, kisha akampigapiga begani kama anayemshukuru farasi. Mkewe akatazama picha, akamwambia mumewe alikuwa amefumba macho. Ikabidi irudiwe.

Reinerio aliinuka, akajikung'uta, akaenda jikoni. Obdulia alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Siku hiyo hakuwa amegeuka.

"Umepigwa mara ngapi?"

"Sijapigwa, dada. Ni mchezo."

"Nimekuuliza hesabu, sijakuuliza jina lake."

Reinerio akainama. Alianza kufungua waya wa mnyororo mguuni.

"Dominga alikamatwa?" Obdulia akauliza.

"Unajua hakukamatwa."

"Angekamatwa, mimi na wewe tungekuwa wapi sasa hivi?"

"Tusingekuwepo."

"Haya. Lakini kila siku mchana, watu wakila nyama yangu, wewe unamtoa mle ndani unamkamatisha. Halafu unakuja hapa kuniomba kahawa."

Kahawa alimpa hivyo hivyo, na sukari akamtilia. Reinerio akainywa amesimama.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Frías. Hakwenda kugombana. Alieleza historia ya Dominga tangu mwanzo mpaka mwisho, akaomba jambo moja: mtoro aingie pangoni asionekane tena. Viboko viondolewe, hadithi iishe ilivyoisha. Frías alimpa kiti na kusikiliza bila kumkatiza, hata akaandika kidogo kwenye daftari. Kisha akamweleza kwa upole kwamba mgeni aliyekaa na sahani mbele yake hataki kutazama shimo tupu. Mtoro akiyeyuka gizani, ngoma zitamalizia wapi? Kahawa itoke wakati gani?

"Mzee Reinerio," alisema, "historia ni ya kwenu. Sibishi. Lakini chakula cha mchana ni changu."

Reinerio akasema sawa, akatoka. Ubaldo alimwuliza wamekubaliana nini. Akajibu kwamba wamekubaliana chakula cha mchana ni cha Frías. Jioni hiyo, mkahawa ulipofungwa, alirudi peke yake na buti zake za shambani na tochi, akavificha nyuma ya jiwe pale taa za umeme za pango zilipokomea.

Ijumaa ya wiki ile walitarajiwa mawakala wa safari kutoka Havana, mabasi mawili. Frías alikuwa ametandika vitambaa vyeupe mezani na kuwapanga wapiga ngoma kwa urefu. Alipita jikoni mara tatu kuonja maharagwe meusi, mpaka Obdulia akamwuliza kama anataka kupewa sahani kabisa. Akamwagiza Ubaldo achape kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Saa saba na nusu ngoma zikalia. Reinerio alitoka pangoni kama kawaida, mnyororo ukimgonga. Akafika meza ya kwanza. Badala ya kukata kushoto kuelekea darajani, akageuka nyuma.

Ubaldo alikuwa mzito lakini si mjinga wa kazi yake. Alimrukia pale pale, akampata kwa shati la gunia, mgongoni. Walisimama hivyo, mmoja amevuta, mwingine amevutwa, hatua kumi kutoka kwenye giza.

"Umeingiwa na nini wewe?" Ubaldo alimnong'oneza. "Leo kuna wakubwa."

"Niachie, Ubaldo."

"Tutafukuzwa wote wawili."

"Niachie, ndugu yangu. Leo sishikwi."

Ubaldo alifungua mkono. Baadaye alimwambia kila aliyeuliza kwamba shati lilichanika. Shati halikuchanika, Obdulia ndiye aliyelifua.

Reinerio alipita taa ya kwanza, ya pili, ya tano, akafika kwenye jiwe lake. Akang'oa waya wa mnyororo kwa meno na kucha, pete moja ikagoma kutoka, akaiacha. Akavaa buti. Wageni huonyeshwa njia ya kulia, kwenye mto wa chini kwa chini wanakopandishwa mashua. Yeye alishika kushoto, kwenye ufa ulioinama mpaka mtu hulazimika kutambaa. Mara ya mwisho alipita pale na marehemu baba yake, akiwa na miaka kumi na sita.

Aliona pamekuwa padogo, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekua. Alitambaa kwa viwiko. Popo walimpita sikioni. Ufa ulipofunguka, akajikuta ndani ya maji, kwanza ya magoti, kisha ya kifua, ya baridi ya kukata pumzi. Akateleza. Tochi ikamtoka, akaitazama inazama na mwanga wake, ndogo, ndogo zaidi, kisha hakuna.

Hapo aliogopa. Giza la mle si la kufumba macho. Ukifumba macho bado unajua yako wapi. Alisimama akishikilia ukuta, meno yakigongana, akawaza kwamba akifia humu Frías ataandika ubaoni chini ya maziwa ya karameli kwamba pango lina mzimu. Wazo hilo likampandisha hasira, na hasira ikampa joto. Dominga alisimama humu humu, na tumbo la miezi saba, hana tochi ya kupoteza, na nje kuna mbwa. Yeye nyuma yake kulikuwa na nini? Meza zenye vitambaa.

Akakumbuka maneno ya baba yake: fuata upepo, pasipo na upepo hapana mlango. Akageuza shavu lenye maji upande huu, hakuna kitu. Akaligeuza upande ule. Kulikuwa na kijibaridi, chembamba kama pumzi ya mtoto aliyelala. Akakifuata. Alijigonga kichwa mara mbili, akatukana mara nne. Maji yakashuka mpaka magotini, yakawa tope, tope likawa mawe makavu, na mwisho giza mbele yake likaanza kuwa la kijani. Akasukuma magugu, akatoka juani.

Bonde la Hoyo lilikuwa limetulia. Miti ya miwale ya kifalme imesimama, mihogo ya mtu imeota kwa mistari, ndama mmoja amefungwa kambani akimwangalia. Reinerio alikaa chini. Aliokota jiwe akaipigapiga ile pete ya bati mguuni mpaka ikafunguka, akaitupa maguguni. Kisha alicheka peke yake mpaka ndama akasogea mbali.

Yaliyotokea mkahawani alisimuliwa na dada yake. Ngoma zilipigwa, zikapigwa, mpaka mikono ya wapigaji ikachoka. Wageni wote wakawa wanatazama shimo. Frías amesimama na tabasamu lake, hajui aliweke wapi. Mwishowe mama mmoja kati ya mawakala akamwuliza Ubaldo yule bwana amekwenda wapi. Ubaldo, kiboko mkononi, jasho linamtoka, akasema ametoroka.

"Atarudi saa ngapi?"

"Mama, mtoro harudi."

Ndipo Frías alipokimbilia jikoni kuamuru kahawa itoke upesi. Obdulia alikuwa amekwisha kuvua aproni, anaikunja pande nne.

"Kahawa iko jikoni, bwana Frías," akamwambia. "Mimi nampelekea mdogo wangu nguo kavu."

Wote watatu walifukuzwa siku hiyo hiyo, Obdulia kwa barua, wanaume kwa mdomo.

Wiki mbili zilipita za kula mihogo na kukuna vichwa. Wiki ya tatu Frías alikuja mwenyewe nyumbani kwa Reinerio, akavua kofia barazani, akakaribishwa kiti cha kubembea. Alionekana hajalala vizuri. Mawakala wa Havana, alisema, wameandika. Wanasema hawajapata kuona onyesho kama lile. Wanataka wageni wao walione. Basi yeye Frías amefikiri. Reinerio arudi kwa mshahara mara tatu. Atoroke kila siku. Ule ufa utapanuliwa na kutiwa taa, na upande wa Hoyo patajengwa jukwaa. Wageni watapelekwa kwa magari ya ng'ombe kumpokea mtoro kwa ngoma na ramu. Obdulia atarudi jikoni kwake. Ubaldo naye, kama mnamhitaji.

Reinerio alitazama shambani. Kutoka pale alipokaa aliliona banda lake, nguzo bila paa, na mshahara mara tatu ni paa na mbegu na mbolea. Obdulia alikuwa dirishani akichambua mchele, akaendelea kuchambua. Hakumtazama, na Reinerio alijua kwamba hatamtazama, kwamba safari hii anamwachia.

"Nilipokuwa na njaa ulitaka nikamatwe," alisema mwishowe, "nikakamatwa. Hilo ni langu, sikulaumu. Sasa unataka nitoroke saa saba na nusu kamili, kahawa isipoe."

"Si ndivyo ulivyotaka mwenyewe? Hadithi iishe ilivyoisha?"

"Nilitaka, ndiyo. Nilipokuja kuomba, ungenipa ningekushukuru. Hukunipa, nikaichukua. Sasa huwezi tena kuniuzia."

"Kiburi hakipikiki, Mzee Reinerio."

"Hata mimi sikukusudia kukipika. Mihogo ipo."

Frías alivaa kofia yake. Obdulia alimtolea kikombe cha kahawa, maana mgeni ni mgeni. Akakinywa amesimama, akaenda zake.

Walichofanya baada ya hapo hawakukipanga mezani. Kilianza na waendesha baiskeli wawili waliopotea njia, mume na mke, waliomkuta Reinerio anang'oa magugu wakamwuliza pango liko wapi. Akawauliza wanataka la chakula au la Dominga. Siku hiyo aliwapitisha kwa upande wa Hoyo, na taa za karabai alizoazima. Hakuvaa gunia, hakupiga ngoma. Mahali pa maji aliwaambia wazime taa, wageuze mashavu, watafute upepo wenyewe. Yule mke ndiye aliyeupata. Walipotoka, wamejaa tope mpaka kwenye nyusi, Obdulia alikuwa amewasha moto shambani na kuku yuko sufuriani, mihogo imemwagiwa vitunguu saumu vya moto. Walikula kwa mikono mpaka mifupa ilipobaki myeupe.

Wakaenda wakawaambia wengine. Wenye nyumba za kulaza wageni mjini wakaanza kunong'ona wakati wa kifungua kinywa, wakimimina maziwa: kuna pango lingine, ulizeni gari la Ubaldo. Ubaldo aliwabeba kwa gari la maksai wa Reinerio, akiwasimulia njiani kwamba yeye ni msaka watoro mstaafu. Kila aliyetaka picha alipigwa akiwa na tope lake.

Frías akafunga ufa kwa lango la chuma na kufuli. Reinerio alipolikuta, alisimama na wageni wake upande wa giza. Walisikia vijiko vya watu wanaokula, na ngoma, na sauti ya mtoro mpya kutoka mkoani anayekamatwa. Mgeni mmoja aliuliza kama huu ndio mwisho wa njia. Reinerio alimjibu kwamba hapa ndipo Dominga alipoanzia, kwa hiyo wageuke, waende alikokwenda. Tangu hapo akaifanya iwe njia yenyewe: kwenda mpaka kwenye chuma, kukigusa, kisha kurudi kwenye mwanga.

Mwezi wa pili wa matembezi hayo ikaja barua ya kumwita kwenye ofisi ya serikali mjini. Alipiga pasi shati lake jeupe, akaenda. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, na karatasi mbele yake. Alisema kuna malalamiko. Kwamba Reinerio anatembeza wageni bila kibali. Atie sahihi hapa kwamba ameacha mpaka kibali kitoke.

"Nimekiomba tangu wiki ya kwanza," Reinerio akasema. "Kitatoka lini?"

Afisa akasema hilo si la idara yake.

"Kipo cha kunizuia kuingia kwenye nyumba ya bibi yangu na rafiki zangu?"

Afisa alipekua karatasi, mbele na nyuma, hakukiona. Akasema hata hivyo ingefaa atie sahihi. Reinerio aliichukua kalamu, akaitazama kama mtu anayetazama chombo cha ufundi asioujua, akairudisha mezani taratibu, upande wa afisa. Akasema wakija kumzuia watamkuta mle ndani, na waje na buti, maana kuna maji. Kisha akamshukuru kwa kiti.

Nje, chini ya kivuli cha duka la mikate, Ubaldo alikuwa amekaa kwenye gari la maksai na wageni wanne. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuvua viatu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tusiende."

Ubaldo akazikusanya kamba mkononi, akawatazama wale wageni, akamtazama rafiki yake na shati lake lililopigwa pasi.

"Kwa hiyo niwashushe?"

"Nani kakuambia uwashushe?" Reinerio akapanda, akaketi pembeni yake, akaanza kukunja mikono ya shati. "Twende, Obdulia kashawasha moto."